Igizo la njaa: je, ni lazima nikonde?

SWALI

"Mimi ni Mtanzania, naishi Louisville, Kentucky. Nyumbani nilisomea sanaa za maonyesho. Huku nafanya usafi hospitalini, na Jumamosi najitolea kugawa chakula kwenye pantri, yaani ghala dogo la chakula cha bure, ya kanisa moja. Kabla sijawa mgawaji nilikuwa mpokeaji, tena kwenye foleni hiyo hiyo. Sasa natengeneza igizo la saa moja, mimi peke yangu jukwaani, kuhusu njaa na watu wanaotegemea pantri. Rafiki anayeniongoza anataka nipunguze uzito ili watu 'waione njaa', na mwishoni niombe michango nikiwa bado ndani ya mhusika. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumjibu. Halafu foleni ya watu arobaini nitaionyeshaje nikiwa mmoja? Na zile hadithi ninazozisikia pale mezani, naruhusiwa kuzitumia?"

JIBU

Dada yangu, usikonde. Kula vizuri, lala, fanya mazoezi ya pumzi. Saa moja peke yako jukwaani ni suluba, na mwili wenye njaa hauwezi kufikisha sauti mpaka kiti cha nyuma.

Hiyo ni hoja ya kwanza ya kumpa rafiki yako. Ya pili ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 Ulaya ilikuwa na watu waliogeuza kukonda kuwa biashara. Mwitaliano Giovanni Succi alifunga siku 40 jijini London mwaka 1890, na watu wakalipa kiingilio kwenda kumtazama. Sidhani kama walitoka pale wakiwa wamejifunza lolote kuhusu maskini wa mtaa wa pili. Mtazamaji akishaanza kuhesabu mbavu zako, anakuhurumia wewe mwigizaji, au anakustaajabia. Mhusika keshapotea.

Ya tatu unaijua kuliko mimi: nani anasimama kwenye foleni yako Jumamosi? Bibi wa pensheni, kijana mwenye sare ya ghala, mama aliyetoka zamu ya usiku. Wengi si wembamba, kwa sababu chakula cha bei nafuu Marekani ni wanga, sukari na mafuta. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilihesabu kuwa mwaka 2023 asilimia 13.5 ya kaya hazikuwa na uhakika wa chakula: kaya milioni 18, zenye watu milioni 47.4. Watu hao wote wangekuwa mifupa mitupu, kila mtu angeliona tatizo bila kuonyeshwa na msanii. Njaa ya huko imejificha kwenye kalenda na kwenye karatasi. Kazi yako ni kuitoa huko.

Kwa hiyo usiigize njaa. Igiza kazi ambayo njaa inamfanyisha mtu. Kuna kazi ya kutafuta basi linalofika kabla pantri haijafunga, ya kubeba bili yenye anwani, ya kukumbuka pantri ipi inaruhusu mara moja kwa mwezi na ipi kila wiki, na ya kupanga kabati ili mtoto asione nafasi tupu. Mikono iwe na shughuli muda wote. Mtu mwenye njaa anayekaa chini akilia ni picha ya bango. Mtu mwenye njaa anayepiga hesabu ni mhusika.

Nikupe mfano ambao naamini utaubeba mpaka jukwaani. Mhusika wako anapewa mfuko wa unga wa mahindi. Anafurahi kuliko siku zote, kwa kuwa wiki tatu amekula vitu vya makopo visivyo na jina kwao. Anarudi nyumbani, anabandika maji, anasonga. Ugali unaanza kumletea vituko: unavimba, unatoa matundu, una chumvi. Ule unga, kama unavyouzwa mwingi katika majimbo ya kusini, ulishachanganywa na beking pauda na chumvi kwa ajili ya mikate ya mahindi. Anachopakua ni keki iliyokosa sukari. Anaonja. Anaangalia mfuko, anajaribu kusoma maandishi. Kisha anakula, maana hakuna kingine. Igize hatua kwa hatua, usiharakishe mwiko. Waswahili ukumbini watacheka kuanzia tundu la kwanza. Wamarekani watacheka baada yao, wakimfuata jirani. Na pale anapokaa kula, kicheko kitakwisha chenyewe bila wewe kusema neno.

Mifano ya namna hiyo imejaa pantri. Boksi la makaroni na jibini ya unga linadai maziwa na siagi ambazo hazikutolewa. Kopo halina pete ya kuvutia na nyumba haina kifungulio. Boga la kopo linafurika baada ya sikukuu za Novemba, na mama wa Uvira, Kongo, anauliza kwa upole kama ni dawa. Chagua mawili au matatu, si zaidi. Ukiyaweka yote utakuwa umetengeneza orodha ya malalamiko.

Hapo ndipo ugumu wa somo lako ulipo, na wengi hawauoni mapema: pantri haina mtu mbaya. Mwaka 1967 huko Phoenix, Arizona, John van Hengel, mtu aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini, alisikia kwa mama mmoja mwenye watoto kumi kwamba maduka yanatupa chakula kizima, na kwamba pangefaa kuwa na mahali kinapowekwa kama pesa benki ili mwenye shida akachukue. Ikazaliwa St. Mary's, benki ya chakula ya kwanza nchini humo. Mpango ulikuwa wa kuziba pengo, na pengo halikuzibika. Leo benki za chakula ni maghala makubwa yenye malori na majokofu, na pantri kama yako ndiyo meza ya mwisho inayomkabidhi mtu mfuko. Aliyetoa ni mwema, dereva ni mwema, wewe unayepanga makopo ni mwema. Mtu bado anarudi nyumbani na keki ya chumvi. Mwandishi mvivu atabuni msimamizi katili ili apate mgogoro. Usifanye hivyo. Mgogoro wako uko kati ya wema wa watu wote hao na ukweli kwamba haumtoshi mpokeaji, na kwamba wiki mbili baadaye atarudi.

Kutokana na hilo, sahau muundo wa "alianguka, akateseka, akaokolewa". Tumia mwezi. Kadi ya SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, ile ambayo wengi bado wanaiita stempu za chakula, hujazwa mara moja kwa mwezi. Wiki ya kwanza mtu ananunua, ya pili anabana, ya tatu anaanza kuuliza foleni iko wapi. Kadi hiyo hainunui sabuni, wala nepi, wala pedi, wala kuku wa moto aliyekwisha okwa pale dukani, hata kama mtu hana jiko. Igizo lianze tarehe yoyote lakini limalizike mwezi unapoanza upya. Mtazamaji atazame kadi inajazwa na ajue, bila kuambiwa, kwamba wiki ya tatu inakuja.

Kwa Louisville yako, penye Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, kuna jambo ambalo huwezi kulikwepa. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondolea wakimbizi haki ya SNAP hadi wapate ukaazi wa kudumu. Usilitangaze hilo kwa hotuba. Lilete kama barua: bahasha inafika, mama hasomi Kiingereza, anampa mwanawe wa miaka kumi na mbili amsomee. Mtoto anasoma kimoyomoyo, anaelewa kabla ya mama yake, na sasa anatakiwa kutafsiri. Wewe ni wote wawili. Mtoto atasema nini? Ningemfanya aseme uongo kwanza.

Sasa foleni. Usijaribu kuwaigiza watu arobaini. Igiza watatu na nafasi iliyo mbele na nyuma yao. Chagua sehemu moja ya ukuta iwe mlango wa pantri, na isibadilike usiku wote. Macho yako yakienda pale, ukumbi mzima utaona mlango. Kila mtu mpe jambo moja tu la mwili. Ninapenda kutumia mfuko. Mgeni wa foleni ameukunja ukaingia mfukoni mwa koti, hataki aonekane amekuja na mfuko. Mzoefu ameutandaza begani. Bibi ana kikapu cha magurudumu, naye anakiegemea. Mfuko ule ule mmoja wa kitambaa, ukihama kutoka mfukoni mwa koti kwenda begani kwenda kiunoni, unatosha kutupa watu watatu, na hutahitaji kubadili sauti kama wanavyofanya wachekeshaji wa redio. Geuza miguu kwanza, kisha kidevu, sauti ije mwisho. Ukianza na sauti, watu watasikia wahusika watatu na kumwona mmoja.

Halafu kuna muda. Foleni ni hatua moja, kusimama, hatua moja, kusimama. Ijaribu kwenye mazoezi: dakika mbili nzima bila maneno, hatua chache tu, mgeni wa foleni akimtazama kila anayepita kwa hofu ya kujulikana. Mwongozaji wako atakuambia inachosha. Ndiyo. Iache ichoshe mpaka karibu na mpaka wa uvumilivu, ndipo bibi aseme neno la kwanza, na liwe la kuchekesha. Ila ile mbinu ya kuwapanga watazamaji nje na kuwapa namba kabla ya kuingia, mimi siipendi. Aliyelipia tiketi anajua kiti chake kipo, anachezea foleni.

Kuhusu namna ya kuwa wengi ndani ya mwili mmoja, una walimu wawili wazuri, na mmoja ni wa nyumbani. Mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein aliandika *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, kwa ajili ya mtambaji, yaani msimulizi wa hadithi. Mtambaji hajifichi ndani ya mhusika. Anasimama kando yake, anamwingia, anamtoka, anatuambia. Hiyo inakupa ruhusa ambayo igizo la kujigeuza mtu mwingine moja kwa moja halikupi: unaweza kukatisha habari ya mtu na kusema, "hapa nanyamaza, ni siri yake", kisha ukaendelea. Kwa somo lenye aibu nyingi kama hili, ruhusa hiyo ni dhahabu.

Mwalimu wa pili ni Dario Fo wa Italia, mwandishi na mwigizaji aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1997. Katika *Mistero Buffo*, aliyoanza kuionyesha 1969 peke yake jukwaani, kuna kipande cha Zanni, mkulima mwenye njaa kali. Zanni hadhoofiki mbele yetu. Anaota. Anajila mwenyewe kipande kwa kipande, kisha anapika ugali wao mzito wa mahindi kwenye masufuria makubwa, anakoroga kwa mwili mzima, anakula mpaka basi. Anazinduka: hakuna kitu. Anamkamata nzi na kumla kwa heshima zote, bawa, paja, kama mtu aliye karamuni. Watu wanavunjika mbavu. Kipande kizima hakina chakula hata punje, na ndiyo maana kila mtazamaji anakiona. Chukua funzo moja tu hapo: njaa huigizwa kwa hamu. Mhusika wako ajue kula, aongee kuhusu pilau na samaki wa kupaka mpaka watu wameze mate, ndipo afungue kopo.

Hapo nimejibu pia jambo ambalo hukuuliza, la chakula halisi jukwaani. Weka kitu kimoja cha kweli, kwa mfano kopo moja la maharage, na kila kingine kiwe hewa. Rafu zilizojaa vyakula zitafanya kazi ya macho badala yako, na watu wataanza kusoma lebo.

Nirudi kwenye jambo ambalo naona ndilo moyo wa igizo lako, ingawa wewe umelitaja kwa sentensi moja na kupita: umewahi kukaa pande zote mbili za meza. Wanaoandika kuhusu pantri wengi wanaijua upande mmoja. Tengeneza onyesho la usajili ambapo wewe ni karani na wewe ni anayesajiliwa, na meza iwe katikati. Karani anauliza jina, anwani, watu wangapi nyumbani, kipato. Kila swali ni la haki, na kila swali linachubua. Mhusika ajibu kwa Kiswahili, tena kwa mapana, bila wewe kutafsiri. Karani aendelee na Kiingereza chake cha polepole na cha sauti ya juu, kama ambavyo watu hupaza sauti wakidhani utaelewa. Mtazamaji asiyejua Kiswahili atakaa kidogo kwenye kiti cha mgeni. Baadaye onyesho lile lile lirudiwe, safari hii karani ni huyo huyo mama, miezi kadhaa mbele, na wewe usibadilishe swali hata moja. Badilisha mkono wake tu anapotoa kalamu.

Ukitaka maandishi makavu ya kushindana na mwili, chukua dodoso ambalo serikali ya Marekani imekuwa ikilitumia kupima upungufu wa chakula. Lina maswali 18. Wasio na watoto huulizwa 10. Yanauliza kama katika miezi 12 iliyopita mlikuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla hamjapata pesa ya kununua kingine, kama mlipunguza mlo au kuuruka, kama mtu mzima alikaa siku nzima bila kula. Sauti iliyorekodiwa iulize. Mhusika ajibu "hapana" kwa kila swali, kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake, huku mikono ikipima mchele kwa kikombe, ikirudisha nusu kwenye mfuko, ikifunga mfuko kwa uzi. Mwezi Septemba 2025 Wizara ya Kilimo ilitangaza kwamba inasitisha ripoti ya kila mwaka iliyotokana na maswali hayo. Sauti inaweza tu kukatika katikati ya swali. Anayefuatilia habari ataelewa, na asiyefuatilia atashtuka.

Hadithi za mezani sasa. Watu walikuambia wewe mgawaji, hawakumwambia msanii. Tofauti hiyo iheshimu hata kama pantri yako haina kanuni iliyoandikwa, na huenda inayo, kwa hiyo muulize msimamizi kabla ya kuandika mstari mmoja. Anna Deavere Smith, mwigizaji Mmarekani aliyeonyesha igizo la *Fires in the Mirror* mwaka 1992, huwahoji watu kwa ridhaa yao, huwarekodi, kisha huyasema maneno yao kama yalivyo, na vigugumizi vyake, na majina yao. Njia hiyo ni nzuri, ila inadai ruhusa ya wazi na muda mwingi wa kusikiliza. Kama hutaki kwenda huko, basi anza na hadithi yako mwenyewe, ambayo hakuna wa kukudai, na wengine uwaunde kutokana na wengi kiasi kwamba hakuna atakayejiona. Kubadilisha jina hakutoshi. Louisville ya Waswahili ni ndogo. Ukisema "mama wa mapacha aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuku", umeshamtaja.

Na kuna kipimo nisichokiacha kamwe: mwalike mtu mmoja wa foleni aje kwenye mazoezi ya mwisho, peke yake, umlipie nauli na muda wake, naye awe na haki ya kusema "hii toa". Akisema, toa. Mwongozaji wako atanung'unika. Mwache anung'unike.

Imebaki michango. Kuomba ukiwa ndani ya mhusika ni kumgeuza yule mama, baada ya saa moja ya kuwa mtu kamili, kuwa kikombe cha sadaka. Pia kunamwachia mtazamaji mlango rahisi: dola tano, dhamiri imetulia, twende nyumbani. Malizia igizo, inama, taa za ukumbi ziwake. Ukishavaa nguo zako, ndipo mtu wa pantri, si wewe, aseme maneno mawili. Aseme pesa ni bora kuliko makopo, kwa kuwa benki za chakula hununua kwa bei ya jumla na kopo lililotoka kabatini kwa mtu mara nyingi ni lile ambalo naye alishindwa kulila. Kama mnataka vitu, ombeni vile ambavyo kadi hainunui: nepi, sabuni, pedi. Vifungulio vya makopo pia.

Ukialikwa kuonyesha kwenye pantri yenyewe, kubali, lakini lisiwe saa ya mgao, na kamwe asiambiwe mtu atazame kwanza ndipo apewe mfuko. Pantri inayopokea vyakula vya serikali ya shirikisho chini ya mpango wa TEFAP hairuhusiwi kumwekea mtu sharti la kushiriki shughuli nyingine ili apewe chakula. Na suala la malipo yako lizungumzeni mapema, kwa maandishi: watu wa pantri wamezoea kazi ya kujitolea, wanaweza kudhani na wewe umekuja kwa mtindo huo huo.